Kura ya kila mwanafunzi au kura ya wajumbe: ulinganisho wa njia mbili za kuunda serikali ya wanafunzi

Kamati inayopitia upya katiba ya serikali ya wanafunzi haichelewi kukutana na swali gumu kuliko yote: rais wa wanafunzi achaguliwe na nani? Vyuo vikuu vikongwe vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere viliwahi kuwa chini ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kati ya 1963 na 1970, lakini leo havijibu swali hilo kwa namna moja. Dar es Salaam, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Tanzania, mwanafunzi wa shahada ya kwanza humpigia rais kura yake mwenyewe. Kenya, tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, wanafunzi huchagua wajumbe wa vitivo au idara zao, na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la wanafunzi.

Makala haya yanaziweka njia hizo mbili bega kwa bega kwa ajili ya wale watakaopiga kura ya kupitisha au kukataa rasimu ya katiba chuoni mwao. Msimamo wangu ni kwamba njia ya uchaguzi haipimwi kwa uzuri wake peke yake, bali kwa kazi ambayo wanafunzi wanataka kiongozi wao aifanye. Anayetaka msimamizi mtulivu wa huduma ana sababu ya kuwaamini wajumbe. Anayetaka mtetezi anayeweza kusimama mbele ya utawala wa chuo na kusema kwa niaba ya maelfu, ni vigumu kumpata mtu huyo kwa kura za wajumbe wachache.

Kazi yenyewe ni ipi

Serikali ya wanafunzi ina kazi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kumtetea mwanafunzi mmoja mmoja: yule ambaye matokeo yake ya somo hayaonekani kwenye mfumo, yule aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu, yule ambaye jina lake halimo katika orodha ya wanaosaini fedha za kujikimu. Tanzania, kazi hii ilipata uzito mpya baada ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kuanza shughuli zake mwaka 2005. Tangu hapo, bumu, yaani fedha hizo za kujikimu, likichelewa, mlango wa kwanza kugongwa ni wa serikali ya wanafunzi, na ndiyo maana katika vyuo vingi serikali hiyo ina waziri anayeshughulikia mikopo, ambaye kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana umuhimu wa kila siku kuliko hata rais.

Kazi ya pili ni kukaa katika vikao vya chuo. Wawakilishi wa wanafunzi huingia katika Seneti, katika Baraza la Chuo na katika kamati zilizo chini yake, ambako ada, kanuni za mitihani, nafasi za mabweni na kalenda ya masomo hujadiliwa. Huko mwanafunzi mmoja au wawili hukaa miongoni mwa maprofesa na wakuu wa idara, na silaha pekee waliyo nayo ni hoja iliyoandaliwa vizuri pamoja na uhakika kwamba waliowatuma wako nyuma yao. Kazi ya tatu ni kuendesha huduma kwa fedha ambazo kila mwanafunzi huzilipa pamoja na ada: michezo, mapokezi ya wanafunzi wapya, misiba, ofisi.

Kazi hizi hazihitaji mtu wa aina moja. Ya kwanza inahitaji subira na ufuatiliaji, ya pili inahitaji ujasiri na maandalizi, ya tatu inahitaji uaminifu wa hesabu. Rasimu nyingi za katiba huorodhesha zote tatu katika kifungu kimoja cha malengo, kisha zinaruka kwenda kwenye uchaguzi bila kuuliza ni njia ipi itakayompa kiongozi nguvu ya kufanya kila mojawapo.

Historia iliyo nyuma ya kila njia

Hakuna njia kati ya hizi iliyotoka hewani. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliondolewa chuoni baada ya barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, na mgogoro uliofuata ulihusu hasa nafasi ya wanafunzi katika maamuzi ya chuo. Mwaka 1978, baada ya maandamano ya kupinga kuongezwa kwa marupurupu ya viongozi wa nchi, wanafunzi walifukuzwa tena kwa mamia, jumuiya yao ya DUSO ikapigwa marufuku, na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, chombo kilichofungamanishwa na vijana wa chama tawala.

Miaka ya MUWATA ndiyo somo kubwa zaidi katika jambo hili. Wanafunzi walikuwa na viongozi, walikuwa na vikao, walikuwa na mihuri, lakini viongozi hao walikuwa na bwana mwingine juu ya wanafunzi. Nchi ilipoelekea kwenye mfumo wa vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, chombo kilichorejea Dar es Salaam kwa jina la DARUSO kilibeba dai la wazi kwamba kiongozi wa wanafunzi awajibike kwa wanafunzi. Mfumo wa rais, mawaziri na bunge la wanafunzi, ambao leo unaonekana pia katika UDOSO ya Dodoma, SUASO ya Morogoro na MUSO ya Mzumbe, unasimama juu ya dai hilo.

Kenya ilipita njia yenye machungu zaidi. Mwenyekiti wa SONU, jumuiya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Titus Adungosi, alifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na akafia gerezani mwaka 1988. Wafula Buke, aliyeongoza SONU iliyofufuliwa, alikamatwa mwaka 1987 na kuhukumiwa kifungo, na jumuiya ikafungwa tena. Ingedhaniwa kwamba nchi yenye kumbukumbu hiyo ingeilinda kura ya moja kwa moja kwa wivu. Lakini miaka ilivyopita, kampeni za SONU ziligeuka kuwa ngazi ya kupandia siasa za kitaifa, fedha kutoka nje ya chuo zikaingia, na Aprili 2016 ghasia zilizofuata uchaguzi zilisababisha Chuo Kikuu cha Nairobi kifungwe. Kabla mwaka huo haujaisha sheria ilikuwa imebadilishwa, na mwaka 2017 SONU ikapisha jumuiya mpya, UNSA, iliyoundwa kwa utaratibu wa wajumbe.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu kamati nyingi hunakili vifungu vya chuo jirani bila kujua vilitungwa kutibu ugonjwa gani. Sheria ya Kenya ilitungwa kuzima vurugu na fedha za wanasiasa. Desturi ya Tanzania ilitokana na woga wa kiongozi kumilikiwa na watu walio juu yake. Chuo ambacho hakijawahi kuona vurugu, lakini ambacho viongozi wake wa wanafunzi wanaonekana zaidi katika ofisi za utawala kuliko katika mabweni, hakina sababu ya kunywa dawa ya Nairobi.

Kiongozi anamdai nani, na nani anamdai

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Sheria ya Kenya inataka kila eneo la uchaguzi, liwe kitivo, skuli au idara, lichague wajumbe watatu ambao wenyewe si wagombea, na wajumbe wa maeneo yote ndio wachague mwenyekiti, makamu wake, katibu mkuu, mtunza hazina na wajumbe wengine watatu wa makundi maalumu. Tuchukue chuo cha kufikirika chenye vitivo 10. Wapiga kura wa mwisho watakuwa 30, na wagombea wakiwa wawili mshindi atahitaji kura 16. Chuo hicho hicho kikiwa na wanafunzi 20,000 na nusu yao wakajitokeza katika uchaguzi wa moja kwa moja, mshindi wa wagombea wawili atahitaji zaidi ya 5,000.

Tofauti ya 16 na 5,000 inabadilisha kila kitu. Watu 16 unaweza kuwakalisha katika chumba kimoja, ukazungumza nao kwa kina, ukajibu maswali yao hadi wakaridhika, na hilo ni jema: mgombea mwenye hoja lakini asiye na sauti ya jukwaani ana nafasi ya kweli. Lakini watu 16 pia unaweza kuwanunua kwa fedha isiyotosha hata kuchapisha mabango ya kampeni ya chuo kizima, na utawala wa chuo unaweza kuwaita mmoja mmoja na kuwanong'oneza. Utaratibu uliotungwa ili kuziba mlango wa fedha umeupunguza mlango huo ukubwa bila kuufunga. Anayetaka kupita sasa anahitaji kiasi kidogo zaidi.

Lipo pia suala la uzito wa kura. Ikiwa kila kitivo kinatoa wajumbe watatu, kitivo cha wanafunzi 300 kina nguvu sawa na cha wanafunzi 4,000. Wapo wanaouona huo kuwa ulinzi wa wachache, nami nakubali kwamba katika uchaguzi wa moja kwa moja vitivo vidogo husahaulika wakati wa kampeni. Hata hivyo, mwanafunzi wa ualimu aliye katika darasa la watu 800 ana haki ya kuuliza kwa nini kura yake ipungue kwa sababu tu wengi wamechagua fani aliyochagua yeye.

Rais aliyechaguliwa na maelfu ana kitu kimoja ambacho mwenyekiti wa wajumbe hawezi kukipata: anapoingia katika Baraza la Chuo na kusema kwamba wanafunzi hawakubaliani na kupandishwa kwa gharama za malazi, wajumbe wa Baraza wanajua kwamba amesimama katika ukumbi wa Nkrumah, amesimama mabwenini, amesikilizwa na kupigiwa kura na watu hao hao. Ndiyo sababu, kwa kazi ya pili niliyoitaja, kura ya moja kwa moja inashinda bila ubishi. Kwa kazi ya kwanza, ya kumfuatilia mwanafunzi mmoja mmoja, njia ya uchaguzi wa rais haina tofauti kubwa. Anayebeba mzigo huo ni kiongozi wa darasa na mbunge wa ndaki au kitivo, na hao huchaguliwa na wenzao kwa karibu katika njia zote mbili.

Amani ya chuo

Anayetetea kura ya moja kwa moja hana budi kuikabili hoja ya vurugu kwa uaminifu, kwa maana si hoja ya kubuni. Makerere, ambako rais wa Gildi, yaani serikali ya wanafunzi, huchaguliwa na wanafunzi wote na ambako vyama vya siasa vya Uganda vilizoea kuweka wagombea wao waziwazi, mwanafunzi aliuawa wakati wa kampeni za Julai 2022. Chuo kilisimamisha Gildi, na uchaguzi uliofuata ukahamishiwa mtandaoni, kampeni na kura pamoja. Hakuna ushindi wa kisiasa chuoni unaofaa kulipiwa kwa uhai wa kijana aliyetumwa na wazazi wake kusoma.

Lakini tukiangalia kwa makini tutaona kwamba Makerere na Nairobi zilitibu maradhi yanayofanana kwa dawa tofauti. Makerere iliziondoa kampeni za mikusanyiko na kuibakiza haki ya kila mwanafunzi kupiga kura. Kenya iliiondoa haki hiyo yenyewe. Kinachozaa vurugu ni fedha za nje, misafara ya usiku, wapambe wasio wanafunzi na matokeo yanayohesabiwa gizani. Wingi wa wapiga kura peke yake haujawahi kumpiga mtu. Chuo kinaweza kuweka kikomo cha matumizi ya kampeni, kikapiga marufuku mikutano baada ya jua kutua, kikaruhusu mawakala wa kila mgombea wakati wa kuhesabu, na kikahamishia kura kwenye mfumo wa mtandao ambao mwanafunzi huingia kwa namba yake ya usajili. Hatua hizo ni kazi ngumu, nazo zinahitaji kamati ya uchaguzi ambayo haichaguliwi na rais anayemaliza muda wake wala haifanyi kazi kwa maelekezo ya Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Mfumo wa mtandao nao una hatari yake: anayeshika funguo za mfumo anashika uchaguzi, kwa hiyo wagombea wote wawe na haki ya kuweka mtaalamu wao pembeni wakati wa kufungua na kufunga kura.

Pale ambapo Kenya imetangulia

Ipo sehemu ya sheria ya Kenya ambayo ningependa kuiona katika kila katiba ya wanafunzi nchini Tanzania. Sheria hiyo inataka mwenyekiti na makamu wake wawe wa jinsia tofauti, inazuia baraza lisiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja, inatenga nafasi za kuwakilisha makundi maalumu, na inaweka muda wa mwaka mmoja unaoweza kurudiwa mara moja tu. Kikomo hicho cha mihula miwili kinamzuia mtu kuufanya uongozi wa wanafunzi kuwa ajira, jambo ambalo Nairobi ililiona kwa macho yake.

Katika uchaguzi wa moja kwa moja usio na masharti kama hayo, msichana anayegombea hukabiliana na matusi ya kampeni ambayo mwenzake wa kiume hakutani nayo, na mwanafunzi asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu hufika mwisho wa kampeni akiwa hajafikia hata nusu ya mabweni, kwa sababu majengo yenyewe hayakumfikiria. Hakuna kinachozuia vyuo vya Tanzania kuchukua masharti hayo na kuyaweka juu ya kura ya kila mwanafunzi: mgombea urais na mgombea mwenza wa jinsia tofauti wakichaguliwa kwa kura moja, lengo la Kenya linatimia bila kumpokonya mwanafunzi kura yake.

Fedha

Kuhusu fedha, njia ya kuchagua rais ina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwizi anaweza kuchaguliwa na maelfu na anaweza kuchaguliwa na thelathini. Kinachozuia wizi ni bunge la wanafunzi lenye mamlaka ya kupitisha bajeti, kuita hati za malipo na kumwondoa waziri, pamoja na ukaguzi unaofanywa na mtu aliye nje ya serikali hiyo na kubandikwa mahali ambapo kila mwanafunzi anaweza kuusoma. Hapa mfumo wa rais na bunge una faida ya kimaumbile, kwa kuwa anayetumia na anayekagua ni vyombo viwili vilivyochaguliwa tofauti, ilhali baraza dogo la watu saba lililochaguliwa na wajumbe walewale huelekea kujikagua lenyewe. Faida hiyo hupotea siku rais anapoanza kugawa uwaziri kwa wabunge ili wanyamaze. Kwa hiyo katiba iseme wazi kwamba mbunge anayekubali uwaziri anaacha ubunge.

Namna ya kuchagua

Chuo kipya au kampasi ndogo yenye wanafunzi wasiozidi elfu moja hivi, ambako watu wanafahamiana na hakuna mabweni mengi, inaweza kuanza na wajumbe bila hasara kubwa, mradi mijadala ya wagombea mbele ya wajumbe ifanyike hadharani na kila mjumbe apewe maagizo na darasa lake kabla ya kwenda kupiga kura. Chuo ambacho kampasi zake zimetawanyika katika mikoa mbalimbali kinaweza kuchanganya: rais achaguliwe na wote kwa mtandao, na kila kampasi iwe na mwenyekiti wake mwenye mamlaka juu ya fedha za huduma za pale pale.

Chuo kikubwa chenye wanafunzi wengi wanaotegemea mkopo, ambako mgogoro mmoja wa ucheleweshaji wa fedha unaweza kuwaacha maelfu bila chakula, kichague kura ya kila mwanafunzi, kiifunge kwa masharti ya Kenya kuhusu jinsia na muda wa uongozi, na kichukue kwa Makerere uamuzi wa kudhibiti mikutano ya kampeni. Nasema hivyo nikijua kwamba utawala wa chuo wakati mwingine utapendelea wajumbe, kwa sababu kuzungumza na baraza la watu saba ni rahisi kuliko kuzungumza na rais mwenye umma nyuma yake. Urahisi huo wa utawala si kipimo. Kipimo ni kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekosa jina katika orodha ya mkopo atampata mtu anayelazimika kumsikiliza, na mtu huyo naye atakuwa na uzito wa kutosha kusikilizwa anapokwenda juu.

Kwa vyuo vya Kenya, ambako sheria ya nchi imekwisha kuamua, nafasi iliyobaki ni ndani ya kanuni za chuo chenyewe. Wanafunzi wanaweza kudai kwamba maeneo ya uchaguzi yagawanywe kwa idara badala ya vitivo, kwa kuwa sheria inaruhusu lolote kati ya hayo. Idara 60 zinatoa wajumbe 180, na wajumbe 180 ni vigumu kuwakusanya katika chumba cha hoteli usiku wa kuamkia uchaguzi. Wanaweza pia kudai kwamba kura ya mjumbe iambatane na mkutano wa idara ambamo anaeleza kabla ya siku ya kura ni nani anayemuunga mkono na kwa nini.

Jambo la mwisho ambalo kamati za katiba husahau ni kifungu cha mpito. Viongozi walioko madarakani ndio mara nyingi wanaoandika rasimu, na njia yoyote mpya, iwe ya wajumbe au ya kura ya wote, inaweza kutungwa kwa vipimo vya mtu fulani. Rasimu iseme kwamba utaratibu mpya utaanza katika uchaguzi ambao hakuna mjumbe wa kamati ya katiba atakayegombea, na kwamba itapitishwa kwa kura ya maoni ya wanafunzi wote, hata pale ambapo inachopendekeza ni uchaguzi wa wajumbe.